Gemu za Sarafu za Kale: Maswali Yenu na Majibu

Juzi niligusia hapa kwamba Marekani, Ulaya na Japani kuna watu wanaokusanya mashine za gemu za miaka ya 70 na 80, yale makabati yenye kioo usoni, mpini wa kuchezea na kitundu cha sarafu, na kwamba nyingine huuzwa bei ya gari. Tangu hapo simu haipumziki. Nimechagua maswali ambayo jibu lake linaweza kumfaa na mwingine. Wale mlioniuliza kama nanunua TV mbovu: sinunui.

Shikamoo mzee. Mashine gani ndiyo adimu kuliko zote? Ile ya kwanza kabisa? – Mwanafunzi, Nyegezi

Marahaba. Kongwe na adimu ni vitu viwili, ingawa mwanzoni kabisa vilikutana. Septemba 1971, Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka Galaxy Game katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Ndani yake ilikaa kompyuta nzima ya PDP-11, na mchezaji alilipa senti 10 kwa mchezo. Hesabu hiyo haiwezi kulipa, na kweli haikulipa. Haikuwahi kuingia kiwandani, kwa hiyo mkusanyaji hana cha kuwinda hapo. Mwaka huohuo ikatoka Computer Space ya Nolan Bushnell na Ted Dabney, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya biashara, yenye kabati la faiba lililopindapinda kiasi kwamba hata leo linaonekana la kesho. Zilitoka kama 1,500 hivi. Hiyo ndiyo watu wanaitafuta, hasa ambayo rangi yake haijaguswa.

Lakini uadimu hasa unatokana na kushindwa. Gemu iliyopendwa ilitengenezwa mpaka ikajaa kila baa: Pac-Man ya 1980 ilikaribia mashine laki moja kwa Marekani peke yake, na ndiyo maana jina kubwa halimaanishi bei kubwa. Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani waliijaribisha gemu ya Akka Arrh, wachezaji wakashindwa kuielewa, ikafia hapo. Zinazojulikana kubaki ni tatu. Programu yake haikuonekana kwenye intaneti hadi 2019, na 2023 mbunifu wa gemu Jeff Minter akatengeneza toleo jipya kwa kushirikiana na Atari. Quantum, nayo ya Atari na ya mwaka huohuo, zilitoka kama 500 tu.

Kwa hiyo usiulize mashine ni ya mwaka gani. Uliza zilitoka ngapi, kisha uulize ngapi zilinusurika, maana wenye mashine hawakuwa na huruma. Gemu ikichuja, walilipaka kabati rangi, wakang'oa bodi, yaani ubao wa saketi unaobeba gemu, wakabadilisha kibao cha jina juu, na kesho yake ikawa gemu nyingine. Walikuwa wafanyabiashara na walikuwa na kodi ya kulipa. Siwalaumu.

Nimeona mtandaoni Donkey Kong mbili, moja nyekundu na nyingine ya bluu. Ipi ni feki? – Muuza mitumba, Mlango Mmoja

Zote halali, ila nyekundu ndiyo inayotafutwa, na wewe kwa kazi yako utaielewa habari yake haraka kuliko wengi. Kampuni ya Nintendo ya Japani walipeleka Marekani mashine 3,000 za gemu iitwayo Radar Scope. Zikauzwa kama 1,000, zilizobaki zikalala ghalani. Makao makuu Japani wakampa kijana aliyekuwa hajulikani, Shigeru Miyamoto, kazi ya kubuni gemu mpya itakayoingia kwenye makabati yaleyale. Mwaka 1981 watu wachache wa ofisi ya Marekani wakayafungua moja baada ya jingine, wakabadilisha vya ndani na michoro ya nje. Ni belo lililokataa kutoka, likashonwa upya, likagombaniwa. Makabati ya Radar Scope yalikuwa mekundu. Gemu ilipoanza kukimbia ndipo yakaanza kutengenezwa mapya, ya bluu.

Angalizo: kopo la rangi nyekundu ni rahisi kuliko kabati. Mwambie muuzaji akupigie picha ya mgongo, palipo na namba ya kiwandani, na ya ndani ya mlango wa sarafu. Anayepaka rangi huishia usoni na ubavuni.

Nimekuwa fundi wa TV za chogo tangu ujana wangu. Sasa kila mtu ana flati na benchi langu lina vumbi. Hayo makabati yana chogo ndani? Kuna riziki hapo? – Fundi, Igoma

Fundi, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Ndiyo, yana chogo, na karibu kila unachokijua kinatumika: tyubu, yoki (koili za shingoni zinazoongoza mwale), flaibeki (transfoma ya volti kubwa), kapasita zilizovimba, lehemu zilizopasuka kwenye miguu ya flaibeki. Wakusanyaji wa Marekani wenyewe huchukua tyubu kutoka TV za kawaida na kuzihamishia kwenye mashine, wakilinganisha soketi ya shingoni na ukinzani wa yoki. Viwanda vya tyubu vimefungwa. Kila chogo kinachovunjwa ili kupata shaba hakitapata mrithi.

Mambo mawili yatakuwa mageni kidogo kwako. La kwanza ni la uhai. Monita nyingi za mashine hizi zina chesisi isiyotenganishwa na umeme wa ukutani, kwa sababu kabati lenyewe lilikuwa na transfoma ya kutenganisha. Ukiitoa monita na kuichomeka moja kwa moja mezani, ukagusa chuma, umekwisha. Tyubu nayo hushika chaji hata baada ya kuzima, na hilo sikufundishi.

La pili ni zile monita za kuchora kwa mistari. Kwenye TV mwale wa elektroni hufagia kioo kizima, mstari baada ya mstari, juu hadi chini. Kwenye Asteroids ya 1979, au Tempest ya 1981 iliyokuja na rangi, mwale hauendi hivyo. Bodi ya gemu inauamuru uende moja kwa moja pale umbo lilipo, uchore, uruke, uchore tena. Ndiyo maana mistari yake inang'aa kwa mwanga mkali ambao hakuna flati inayoufikia. Gharama yake ni kwamba transista za kusukuma yoki zinafanya kazi ngumu mno na huungua. Zikifa huku mwale bado unawaka, mwale hubaki nukta moja na kuiunguza fosfori, ule unga unaong'aa nyuma ya kioo. Kwa hiyo kuna saketi ndogo ya kuukata, na hiyo ndiyo uikague kwanza kabla hujawasha monita ya namna hiyo. Quantum niliyoitaja juu ni ya jamii hii, na sehemu kubwa ya bei yake iko kwenye monita.

Riziki ya wiki hii, kusema kweli, sioni. Kutuma tyubu moja Ulaya kutoka Mwanza, nauli itakula faida yote, na nusu ya tyubu zitafika vipande. Lakini usivunje nzuri zilizobaki. Ziweke, pamoja na flaibeki zake na yoki zake zikiwa pamoja kama zilivyozaliwa. Na ukipata kijana mwenye subira, mfundishe.

Mwangaluka mzee. Marehemu mjomba alikuwa baharia. Ameacha boksi la plastiki la kijani limeandikwa CPS-2, lina lebo ya Super Street Fighter II. Fundi aliunganisha, tukapata rangi moja tupu kwenye kioo, picha hakuna. Nitupe? – Dada, Kirumba

Mwangaluka, na pole kwa msiba. Usitupe.

Capcom, kampuni ya Japani iliyotengeneza gemu hiyo, walichoshwa na wanaonakili bodi zao. Mwaka 1993 wakaja na mfumo huu wa CPS-2, ambamo programu ya gemu imefungwa kwa siri, na ufunguo wa kuifungulia umehifadhiwa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri ndogo ya lithiamu ya volti 3.6. Betri ikiisha, ufunguo unapotea. Gemu yote imo ndani, haijapungua kitu, lakini bodi haiwezi tena kuisoma. Rangi moja tupu kwenye kioo ndiyo dalili yake kubwa. Kwa miaka mingi bodi iliyofikia hapo ilihesabiwa maiti, au iliingizwa programu iliyobadilishwa, ambayo wakusanyaji hawaipendi. Mwaka 2016 watu wa hobi waligundua jinsi ya kuurudisha ufunguo wa asili kwenye bodi, na sasa vifaa vyake vinauzwa. Bodi ya mjomba inafufuka.

Kijani ni rangi ya bodi zilizouzwa Marekani na Ulaya. Za Japani ni bluu. Nadhani mjomba aliipata bandari ya huko. Kuhusu pesa, usiweke matumaini makubwa, maana gemu hiyo ilitoka nyingi. Ila mwambie fundi wako aache kuunganisha kwa kubahatisha. Ule mdomo wenye miguu 56 ni mpangilio wa waya uitwao JAMMA, uliokubaliwa Japani tangu 1985, na michoro yake ipo bure kila mahali. Akiugeuza mdomo, umeme wa volti 12 utaingia pasipotakiwa, na hapo hakuna ufunguo utakaosaidia. Na betri kuukuu itolewe leo, kabla haijavuja juu ya bodi.

Ni kweli kuna gemu iitwayo Polybius iliyopoteza watoto kumbukumbu, ikachukuliwa na watu wa suti nyeusi? – Bukoba

Hadithi tamu. Eti ni Portland, Marekani, 1981. Hakuna kabati lililowahi kuonekana, hakuna bodi, hakuna gazeti la wakati ule lililoiandika. Anayekuuzia Polybius anakuuzia jini, na usisahau kumdai risiti.

Mwanangu ameng'ang'ania tununue dubwi bovu la Wachina, anasema atalitengeneza liwe mali ya wakusanyaji. Nimruhusu? – Mama, Buhongwa

Hapana, mama. Dubwi ni mashine ya kubahatisha na linahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hakuna mkusanyaji anayelitafuta, na likikutwa sebuleni kwako maelezo yatakuwa marefu. Kama kijana anapenda waya, mpe redio mbovu.

Nakubali, hata hivyo, kwamba mpaka kati ya mchezo na kamari umewahi kuwasumbua wakubwa. Jiji la New York lilipiga marufuku mashine za pinboli, zile za kurusha mpira wa chuma chini ya kioo, tangu miaka ya 40, meya akipigwa picha akizivunja kwa nyundo, kwa hoja kwamba ni bahati tu. Marufuku hiyo iliondolewa 1976, baada ya mchezaji hodari Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani, akatangaza mpira utapita njia gani, na ukapita. Dubwi haliwezi kumfanyia mtu hivyo. Ndiyo tofauti yenyewe.

Nataka kufungua sehemu ya gemu hapa Ilemela. Niagize mashine halisi za zamani kutoka Marekani, au ninunue zile za gemu 60 ndani ya moja? – Mjasiriamali

Kaka, kama unatafuta biashara, za zamani zitakufilisi. Zilitengenezwa kwa volti 120, za Japani 100, sisi tuna 230, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kushusha kwa kila moja. Transfoma zilizotengenezwa kwa umeme wa hertz 60 zikipata wa 50 wa kwetu hupata joto zaidi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ya miaka 40 haina mbadala dukani. Weka na nauli ya kontena hadi Dar es Salaam, ushuru, na lori hadi huku.

Kisha kuna mchwa. Makabati mengi ni plaiwudi au mbao za vumbi, na mchwa wa Mwanza hana habari na thamani ya kihistoria. Tuna nafuu moja: ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo vyuma haviliwi na chumvi kama Unguja. Wadudu wa ziwani wakipanda usiku, ndio hao wanaofuata mwanga hadi ndani ya tundu za hewa na kujaa juu ya bodi. Weka wavu.

Zile za gemu 60 zitakupa wateja, ila ujue nyingi zimejazwa gemu bila ruhusa ya wenyewe. Mimi ningeanza na meza za pul, na mashine moja tu ya kale, halisi, karibu na mlango. Ukiitaka kwa mapenzi, nunua. Ukiitaka kwa faida, acha.

Mimi ni mstaafu wa bandari. Kuna uwezekano meli zetu kuukuu za ziwani zikakutwa na hazina ya namna hiyo? – Mwanza Kusini

Si swali la kuchekesha kama ulivyodhani. Meli ya Duke of Lancaster iliegeshwa pwani ya kaskazini ya Wales mwaka 1979 iwe sehemu ya burudani, kisha ikafungwa. Miongo mitatu baadaye wakusanyaji wa Uingereza walitoa humo makumi ya mashine za gemu, baadhi zimeoza kwa unyevu, nyingine zikawaka. Za kwetu zilibeba pamba, ndizi na abiria. Wewe uliyezipakia ndiye ungejua kama palikuwa na kabati la ajabu kwenye saluni ya daraja la kwanza. Likikujia kumbukumbu, niandikie.

Nina mashine ya gemu ya Kichina ya kuchomeka kwenye TV, na kaseti zake za njano, za miaka ya 90. Nipate ngapi? – Ukerewe

Ya sukari kilo mbili, labda tatu kama kaseti zote zinawaka. Ni nakala ya mashine ya gemu ya Nintendo, na zilimwagwa dunia nzima. Usiuze, na kama ile bunduki yake ipo bado, inahitaji TV ya chogo. Kwenye flati haitalenga kitu.