Herufi X na neno "hardly": jibu langu

Aliyeuliza ameweka mawili kwa pamoja: X maana yake nini hasa, na "hardly" inatumikaje. Nimefundisha watu wazima Kiingereza muda mrefu, kwa hiyo nayajibu kwa niliyokutana nayo darasani.

X nitapita haraka. Kwa Warumi ni kumi. Kwenye hesabu ni kisichojulikana, kama Descartes, mwanahisabati wa Kifaransa, alivyoitumia mwaka 1637. Ndiyo maana mwanafizikia Mjerumani Röntgen, alipokutana na mionzi asiyoielewa mwaka 1895, aliiita ya X, na Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akaiweka mahali pa jina la ukoo lililopotea utumwani. X ya "Xmas" ni habari nyingine: ni herufi ya Kigiriki inayoanza jina la Kristo, kwa hiyo wanaodai Kristo kafutwa hapo wanalalamika bure. Kwenye matamshi, "ks" yetu ya teksi na boksi inatosha mara nyingi. Ila "exam" ni "gz", na "xylophone" inaanza na "z" tupu.

Kazi iko kwenye "hardly". Niliwahi kuletewa barua ya kuomba kazi niipitie, mwombaji kaandika: "I hardly work and I respect deadlines." Alitaka kusema anajituma. Mwajiri angesoma kwamba kazi hafanyi, labda kwa nadra sana! Kujituma ni "work hard", basi. "Hard" haihitaji "-ly" ili iwe kielezi.

"Hardly" ina ukanushi ndani yake tayari. "I can hardly hear you" ni "nakusikia kwa shida", "hardly any" ni "karibu hakuna", "hardly ever" ni "mara chache mno". Usiiongezee "not"; "can't hardly" utaisikia kwa wenye lugha yao wakiongea, lakini kwenye mtihani itakatwa. Ukitaka ushahidi tazama mkia wa swali, yaani kile kiswali kifupi cha mwishoni: "He hardly speaks, does he?" Mkia ni yakinishi kwa sababu sentensi inahesabiwa kuwa kanushi.

Ikianza sentensi, hugeuza mpangilio: "Hardly had I sat down when the phone rang", yaani ndiyo kwanza nakaa, simu ikalia. Hapo ni "when". "Than" ni ya "no sooner", yenye maana hiyohiyo.

Halafu kuna ile ya kejeli, ambayo vitabu vingi vya sarufi huipita juu juu. Mtu akikwambia "That's hardly my fault", hapimi ukubwa wa kosa lake. Anakuuliza: sasa mimi nahusikaje?