Kutembea Pemba na marafiki: mmeuliza, tunajibu

Tuko watano na tuna siku tatu. Twende Unguja au Pemba? (Msomaji, Morogoro)

Kama mnapenda kutembea kwa miguu, nendeni Pemba. Unguja kuna msitu wa Jozani na kima punju wake, napo panapendeza, ila Pemba ni vilima na mabonde, na njia zapita chini ya mikarafuu. Siku moja iwe ya kaskazini: asubuhi Msitu wa Ngezi, jioni Ras Kigomasha, kwenye mnara wa chuma wa taa ya kuongozea meli.

Ngezi kuna nini hasa?

Ni mabaki ya msitu mnene wa zamani, na mivule yake ni ya kutazamwa kwa kuinua shingo. Lipeni kiingilio na mchukueni muongozaji. Msibanie hela hapo. Peke yenu mtaona miti tu, yeye atawasimamisha mbele ya kinyonga mliyekwisha kumpita. Muombeni pia matembezi ya usiku mumsikie bundi wa Pemba, ndege asiyepatikana kwingine duniani. Popo wa Pemba naye ni wa kisiwa hiki pekee: hula matunda, hulala akining'inia mchana, na jua likiwa kali hujipepea kwa bawa. Msiwarushie mawe wala kuwapigia kelele ili waruke mpate picha. Nawasihi sana.

Tunaweza kuzunguka ufuo wa Vumawimbi, huko huko kaskazini, kwa miguu?

Ndiyo, maji yakiwa yamekupwa. Muulizeni mvuvi kabla ya kuondoka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali na kurudi juu sana. Mlipopita saa nne pengine saa nane hapapitiki.

Mwenzetu mmoja hutembea polepole. Tufanyeje?

Mwekeni mbele, nyote mfuate mwendo wake.

Mavazi je? (Dada wa Nakuru)

Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, dada yangu. Vijijini funika mabega na magoti. Kanga moja kwenye mkoba yatosha. Piga hodi, salimia kwanza, omba ruhusa ndipo upige picha. Na ukikuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, zunguka, usikanyage. Watu wamezichuma juu ya mti na kuzichambua makonyo, vile vijiti vyake, kwa mkono.

Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huteleza vibaya.