Caulerpa kugeuka nyeupe usiku mmoja

Unajiuliza kama Caulerpa yako, mwani wa baharini unaopandwa kwenye tangi la samaki, imeugua au imeunguzwa na taa? Hapana, si ugonjwa, na taa haijaiunguza. Caulerpa ikiamka nyeupe na maji yamekuwa ukungu wa kijani, ujue imezaa. Mwani huu wote, kuanzia majani hadi vile vinavyofanana na mizizi, ni seli moja tu. Ukizaa humwaga kila kilichomo ndani na kubaki ganda. Shika jani uone: linapitisha mwanga kama nailoni, na linalegea vidoleni.

Itoe yote leo. Badilisha sehemu ya maji, weka kaboni mpya ya kuchuja maji na uongeze hewa, maana vilivyomwagika vikioza hula oksijeni, na naitrati (uchafu utokanao na kinyesi cha samaki) iliyofyonzwa na mwani, uliyodhani imeondoka, inarudi. Mimi nilisubiri hadi jioni, nikakuta samaki wanahema juu ya maji.

Kuikata na kuipunguza mara kwa mara husaidia kuizuia isizae. Wengine huiwashia taa saa 24, na mara nyingi inafaa, ila haina uhakika. Kwa tangi la matumbawe ningepanda Chaetomorpha, ile ya nyuzi ngumu zilizosokotana: ina seli nyingi, na ni nadra sana kukufanyia hivi.