Laini mbili kwenye ruta, mtaro mmoja ardhini

SWALI: Ruta yetu ya Mombasa na ya Nairobi zimeunganishwa kwa mawimbi mawili ya mwanga ndani ya faiba, ya Gbps 10, kila moja la mtoa huduma wake, na yote yana ulinzi, yaani mtoa huduma hulihamishia wimbi njia ya akiba likikatika. Wiki jana yalikatika kwa sekunde ileile. Pia kuna nyakati wimbi moja hupepesa, na trafiki huhama huku na huku kabla ya kutulia. BFD, itifaki ya ruta ya kugundua haraka laini iliyokufa, tumeiweka milisekunde 10 mara 3 (pakiti kila milisekunde 10, zikikosekana 3 laini inahesabiwa imekufa). Tumekosea wapi?

JIBU: Ruta haioni mtaro. IS-IS, itifaki ambayo ruta huchagulia njia, inaona laini mbili na gharama zake, basi. Chini yake kuna tabaka la mawimbi, yaani DWDM (mawimbi mengi ya mwanga kwenye uzi mmoja), na chini kabisa nyuzi zilizofukiwa. Huenda mtoa huduma wa kwanza amekodi nyuzi kutoka kwa huyo wa pili, na hapo mna mikataba miwili inayokatwa na tingatinga moja. Hata baharini hutokea: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika siku moja kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, intaneti ikazorota Tanzania na Kenya.

Anzeni na pingi, pakiti ndogo ya kupima muda wa kwenda na kurudi. Kila kilomita 100 za faiba huongeza karibu milisekunde 1 kwenda na kurudi. Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480, kwa hiyo tarajieni milisekunde 5 hivi. Pigeni pingi 1,000 kwenye kila wimbi na mchukue kipimo cha chini kabisa. Wastani una foleni ndani yake. Mkipata 5.3 na 5.3, shukuni mtaro ni mmoja. Mkipata 5.3 na 8.9, njia zimeachana kwa sehemu kubwa, ila bado zinaweza kukutana kwenye daraja au kwenye bomba la kuingilia jengo lenu. Ndiyo maana lazima mdai ramani ya njia, kwa faili la KMZ (la Google Earth), kutoka kwa wote wawili, na mkataba uwabane wawaarifu kabla ya kuhamisha njia. Pandanisheni ramani hizo, kisha mkague kwa makini mita 500 za mwisho kila upande na kila mahali njia zinapovuka mto au reli.

Kila mahali njia zinapokutana papeni namba ya SRLG (alama ya laini zinazoweza kukatika pamoja), tuseme 101 kwa daraja la Mto Tsavo, na muiandike kwenye interfesi (milango ya ruta) za pande zote mbili za kila wimbi linalopita hapo. TI-LFA, mbinu ya ruta ya kuandaa njia ya akiba mapema, itaweza kukwepa laini zenye namba hiyo inapotafuta njia ya akiba. Lakini namba haichimbi mtaro: kama laini ni mbili tu na zote zina 101, akiba hamna. Inawaonyesha pesa ziende wapi.

Kuhama-hama kwa trafiki ni tabaka mbili zinazogombea kazi moja. Ulinzi wa tabaka la mwanga huchukua hadi milisekunde 50 kubadili njia. BFD yenu inatangaza kifo kwenye milisekunde 30. Ruta zinahamisha trafiki, mwanga unarudi, zinairudisha. Wekeni BFD milisekunde 50 mara 3, ichelewe hadi 150, na mlango wa ruta usubiri milisekunde 100 kabla ya kujitangaza umeanguka, sekunde 60 kabla ya kujitangaza umerudi.

Mimi lakini ningenunua mawimbi yasiyo na ulinzi kwenye mitaro tofauti, nikaondoa kabisa ule usubiri wa milisekunde 100 na kuziachia ruta kazi yote. Njia ya akiba ya wimbi la kwanza inaweza kuwa ndani ya mtaro wa wimbi la pili, na siku likihamia huko hakuna kengele italia. Dalili pekee ni pingi kuruka kutoka 5.3 hadi 8.9 bila laini kuanguka, kwa hiyo wekeni tahadhari kwa badiliko lolote linalozidi milisekunde 0.5.

Na jumla ya trafiki ya mawimbi yote mawili saa ya msongamano isizidi Gbps 8. Ikifika 9, wimbi litakalobaki peke yake litaanza kudondosha pakiti kila trafiki inapopanda ghafla.