Mungu ni "mkweli" au ni "wa kweli"?

SWALI: Mimi ni katekista katika kigango kimoja nje kidogo ya mji wa Tabora. Nikiwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, niliandika ubaoni: "Mungu ni mkweli." Mzee mmoja wa kigango aliyekuwa ameketi nyuma alinisahihisha, akasema kwamba mkweli ni sifa ya mwanadamu, na kwamba ilinipasa kuandika "Mungu ni wa kweli" kama Maandiko yasemavyo. Nilifuta kwa kumheshimu, lakini moyo haukutulia. Ni nani kati yetu aliye sahihi?

JIBU: Mwalimu, ulifuta sentensi iliyo sahihi ukaandika nyingine iliyo sahihi vilevile, ila inayozungumzia jambo jingine. Hapo ndipo penye fundo, na kwa kuwa uko Tabora, tulifungue kwa asali.

Mnunuzi akisimama mbele ya ndoo ya asali sokoni huuliza kama asali ile ni ya kweli, yaani kama imerinwa mzingani au ni sukari iliyochemshwa, na wengine hawaridhiki na jibu mpaka wachovye njiti ya kiberiti na kujaribu kuiwasha. Swali hilo linahusu asali, wala halimhusu anayeiuza. Sasa tuseme muuzaji anamwambia mnunuzi bila kuficha, "Hii nimeiongeza sukari, ndiyo maana bei yake iko chini." Asali hiyo si ya kweli, lakini muuzaji wake ni mkweli. Kinyume chake pia hutokea, tena mara nyingi kuliko tungependa: asali ni ya kweli kabisa, ila mwenye nayo anadanganya kuhusu ujazo wa chupa. Kwa hiyo "-a kweli" hueleza kwamba kitu ni chenyewe, si bandia, hali "mkweli" hueleza kwamba maneno ya mtu yanalingana na mambo yalivyo. Kwa umbo, mkweli amejengwa sawasawa na mwongo, ambaye ndiye kinyume chake, na hakuna kosa lolote la sarufi ndani yake.

Tukirudi kwenye Maandiko, mzee wako ana mahali pa kusimama. Tafsiri ya Biblia iitwayo Union, ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyozoeza masikio ya wengi wetu, inasema katika Yohana 17:3 "Mungu wa pekee wa kweli". Angalia neno "pekee" lililotangulia: hapo Mungu anatofautishwa na miungu ya bandia. Kigiriki cha mstari huo kina neno alēthinos, lenye maana ya halisi. Lakini Warumi 3:4, panapolinganishwa neno la Mungu na maneno ya watu, Kigiriki kinatumia ndugu yake, alēthēs, yaani msema kweli, na Union ikaandika: "Mungu aonekane kuwa amini na kila mtu mwongo". Jambo ulilokuwa ukiwafundisha watoto ni hili la pili. Mungu anaweza kuitwa wa kweli katika sentensi nzima bila mtoto kuambiwa lolote kuhusu ahadi zake.

Hilo neno "amini" huwatatiza wasomaji wa leo, ambao hulichukua kuwa ni kitenzi na kudhani kwamba Mungu ndiye anayeamini. Hapo limetumika kama sifa, kwa maana ya mwenye kuaminika, na jirani zako Waislamu watalitambua mara moja, kwa kuwa Mtume wao aliitwa Al-Amin. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa imani, amana, amani na mwaminifu, na una udugu na mzizi wa Kiebrania uliozaa neno amina tunalomalizia sala, pamoja na emet, neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kweli" katika Kutoka 34:6, ambapo Mungu ni "mwingi wa rehema na kweli". Katika mzizi huo kweli ni kitu imara, unachoweza kukiegemea kisianguke. Ndiyo sababu watafsiri wetu, kila walipotaka kusema kwamba Mungu hatangui neno lake, walipendelea "mwaminifu": "Yeye ni mwaminifu ambaye awaita, naye atafanya" (1 Wathesalonike 5:24). Kwa maoni yangu walichagua vizuri, ingawa mwaminifu hutazama zaidi ahadi itakayotimizwa, na mkweli hutazama zaidi neno lililosemwa. Huwezi kumwondoa mmoja ukadhani mwenzake atafanya kazi zote mbili.

Kuhusu "kweli" na "ukweli" sitakaa sana. Union inasema "mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru" kwa upatanisho wa ngeli ya I-ZI, ndiyo maana ya "i-" katika "itawaweka". Tafsiri ya Habari Njema katika Yohana 14:6 inasema "ukweli". Yote mawili ni Kiswahili, ila usiyachanganye ukapata "kweli utawaweka huru".

Pingamizi la mzee wako, hata hivyo, lina kiini kisichostahili kupuuzwa. Tukisema fulani ni mkweli, kwa kawaida tunamsifu kwa sababu angeweza kudanganya asidanganye. Mungu si Athumani, kama tusemavyo, na Hesabu 23:19 inanena karibu vivyo hivyo: "Mungu si mtu, aseme uongo". Tito 1:2 inakwenda mbali zaidi kwa kumwita Mungu "asiyeweza kusema uongo". Lakini dawa ya hilo si "wa kweli". Andika tena sentensi yako ya kwanza, kisha uongeze chini yake: "wala hawezi kusema uongo".

Tena watoto wako wanayo tayari fasili nzuri kuliko yangu, katika Sala ya Imani: "wala hudanganyiki wala hudanganyi". Kitenzi ni kimoja, danganya, kilichowekwa katika kauli mbili, kwamba hakuna awezaye kumdanganya Mungu, naye hadanganyi mtu. Hu- hiyo ni ya kukanusha, nafsi ya pili, nayo hukamilishwa na -i ya mwishoni. Mtoto anayekimbiza sala akitamka "hudanganya", hu- inageuka kuwa ile ya mazoea, kama katika "mzee huyu hulima tumbaku", na Mungu anaambiwa kwamba kudanganya ndiyo kawaida yake. Nimewahi kulisikia kosa hilo kwa masikio yangu, kutoka kwa watu wazima, safu ya mbele.