Jibu: Mkufu wa kupakwa dhahabu, naweza kuogelea nao?

Dada, kwa bahari, uvue. Dhahabu juu ya mkufu kama huo ni ngozi nyembamba tu, mara nyingi haifiki hata maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), na mchanga unaisugua haraka. Ikishachubuka, chumvi inaingia kwenye shaba iliyo chini, ndipo shingo inapoanza kuwa ya kijani. Chini kukiwa na fedha, itakuwa nyeusi badala ya kijani. Ukiusahau shingoni, suuza kwa maji baridi ukaushe. Mkufu wa stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) unavumilia zaidi, hasa ile ya daraja la 316, na metali ya titani haijali kabisa. Hata dhahabu ya karati 18 usiizoeshe klorini ya bwawa, maana robo yake ni metali nyingine. Na sabuni ya kuogea? Inafifisha mng'ao polepole.