Barua kwa mwanangu: maoni ya wafanyakazi kuhusu wakuu wao

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza utakusanyaje maoni ya wafanyakazi juu ya uongozi wa wakuu wao wa idara, kama mkurugenzi wako huko Kolwezi alivyokuagiza, bila mtu yeyote kuja kuadhibiwa kwa alichosema. Baada ya miaka mingi katika ofisi ya wafanyakazi, nakuomba kwanza usiwaahidi siri ambayo fomu yako yenyewe itaivujisha.

Katika karatasi uliyonitumia unauliza idara, jinsia, umri na miaka ya kazi. Karakana ikiwa na mwanamke mmoja tu anayechomelea, umekwisha kumtaja kabla hajajibu lolote. Bakiza idara, ufute mengine. Wala usiwatake waandike majibu kwa mkono, kwa maana msimamizi anayepitia daftari la mahudhurio kila asubuhi anaujua mwandiko wa kila mtu wake. Waweke alama tu, na anayetaka kueleza zaidi akueleze kwa mdomo, nawe uyaandike kwa maneno yako, ukiondoa tarehe, zamu na kisa chochote kinachomtambulisha. Ukitumia fomu ya mtandaoni, hakikisha haihifadhi anwani zao za barua pepe.

Matokeo ya kikundi kidogo usiyatoe peke yake. Wengi huweka kiwango cha chini cha majibu 5. Wengine hukubali 3, ila mimi naona hao ni wachache mno kwa watu wanaokula bukari meza moja kila siku. Jihadhari pia na hesabu ya kutoa: ukitangaza wastani wa watu 12 wa idara nzima, kisha wa 10 wa zamu ya mchana, yeyote mwenye kalamu atapata wastani wa wale 2 wa usiku.

Uliza yale waliyoyaona kwa macho yao. «Je, mkuu wako hukueleza sababu anapobadilisha zamu?» hujibika vizuri kuliko «Je, ni kiongozi mzuri?» Weka pia nafasi ya kujibu «sijaona», ili asiyejua asilazimike kubuni. Wajumbe wa wafanyakazi waione fomu mapema. Malalamiko ya wizi au ya kunyanyaswa kingono yawe na njia yake, kwa kuwa hayo yanahitaji uchunguzi, na watu waelezwe hivyo tangu mwanzo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mkurugenzi. Akitumia matokeo haya ya kwanza kukata marupurupu ya wakuu, watawasaka waliosema, na mwakani kila mtu ataandika sifa. Zungumza naye kabla fomu haijatoka, akubali kwa maandishi kwamba hataomba majibu ya mtu mmoja mmoja, kwamba mkuu atakayeuliza «nani kasema» ataonywa, na kwamba kila mkuu atarudi mbele ya watu wake kuwaambia atakachobadilisha. Asipokubali, mwambie kwa heshima kwamba hutaanza.

Mama yako